Mgombea mwenza na wapiga debe: kura ya huku Kusini inahamishwa na nani hasa?

Karani wa Ghala (Nanguruwe, Mtwara)

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi nilikuwa ghalani nasubiri lori la magunia matupu ambalo, kama kawaida yake, liliahidi saa nne likafika saa nane. Kwenye kusubiri ndiko maneno yanakozaliwa. Kijana mmoja, kada kweli kweli, alikuwa anajigamba kwamba chama chake kikipata mgombea mwenza mzito na wakubwa wawili watatu wa kumpigia debe mgombea wao, basi Mtwara na Lindi zimekwisha. Kulikuwa na mzee pembeni anaziba gunia kwa shazia. Bila kuinua macho akamwambia, "Mwanangu, mie nimeanza kupiga kura enzi za jembe na nyumba. Sijawahi kumpigia mtu mwenza."

Kijana akacheka. Mimi nikabaki na hilo neno hadi usiku, ndiyo maana nimeanzisha uzi.

Nianze na 2005 kwa sababu wengi humu mlikuwa wadogo. Ilikuwa Ramadhani, uchaguzi ni Jumapili ya tarehe 30 Oktoba, zimebaki siku za kuhesabu vidoleni. Nyumbani tumekaa kwenye mkeka tunafuturu, redio iko dirishani. Ikasomwa taarifa kwamba mgombea mwenza wa CHADEMA, Jumbe Rajab Jumbe, amefariki dunia. Baada yake ikaja habari kwamba uchaguzi wa Muungano umeahirishwa, maana sheria inataka chama kipewe nafasi ya kuleta jina jingine. Wazanzibari wakapiga kura yao ya Zanzibar tarehe ile ile, sisi wengine tukangoja hadi 14 Desemba. Baba yangu mdogo alikuwa na muhogo mkononi, kofia ya kampeni haijamtoka kichwani miezi miwili. Akauliza: "Jumbe nani?"

Hapo ndipo ninaposimamia hoja yangu. Mtu ambaye pale mkekani hakuna aliyekuwa akimjua, aliweza kusimamisha kura ya nchi nzima. Cheo chenyewe ni kizito kwa sheria kuliko tunavyokichukulia kwenye kampeni.

Mwenza wa Tanzania hakutengenezwa ili alete kura. Aliletwa na mabadiliko ya Katiba ya 1994 kuelekea uchaguzi wa vyama vingi wa 1995, na kanuni ni moja: Rais akitoka upande mmoja wa Muungano, Makamu atoke upande wa pili. Ndiyo maana tumekuwa na Mkapa na Omar Ali Juma, Kikwete na Shein kisha Bilal, Magufuli na Samia, halafu Samia na Nchimbi. Kama lengo lingekuwa hesabu ya kura tu, mwaka 2015 walioandikishwa nchi nzima walizidi milioni 23 na Zanzibar ilikuwa na kama nusu milioni. Hakuna mfanyabiashara anayefungua duka kwa hesabu hiyo. Mwenza ni jibu la swali la Muungano. Mpiga kura wa Kitangari anayesubiri salfa ya kupulizia mikorosho hana habari naye.

Sasa wapiga debe. Jina lenyewe limetoka stendi, na mimi naliona ni jina zuri kupita kiasi. Mpiga debe anaita abiria, anabeba begi la mama, anagonga bati la basi, anaapa kwamba gari linaondoka sasa hivi. Likiondoka yeye anabaki stendi na ujira wake. Kwa hiyo swali langu kwa kila mtu anayepanda jukwaani kumnadi mwingine ni hili: na wewe unapanda basi?

1995 ndio mfano mkubwa. Mrema wa upinzani alikuwa ameiteka nchi, watu wanalisukuma gari lake kwa mikono. Mkapa, mwana wetu wa Lupaso, Masasi, alikuwa msomi na waziri, ila si mtu wa kuamsha uwanja. Mwalimu akazunguka nchi kumnadi. Mkapa akapata asilimia 61.8, Mrema 27.8. Watu husema ni jina la Nyerere tu. Mimi nasema jina peke yake halitoshi. Mwalimu alikuwa amekwisha kuikosoa serikali ya chama chake hadharani, tena kwa ukali, wakati angeweza kukaa Butiama akanyamaza. Mtu anayejulikana kwa kukataa, akisema ndiyo, hiyo ndiyo ina uzito. Chawa anasema ndiyo kwa kila mtu, kwa hiyo ndiyo yake haina bei.

Nawasilisha. Mods msiuunganishe uzi huu na ule wa bei ya viuatilifu.

Mwera wa Nyangao

Mkuu Karani umeupiga mwingi, ila umelikwepa jipu letu wenyewe. Unazungumza Nyerere na Mkapa halafu unamruka Membe?

Mimi natoka upande huo huo wa Rondo. 2015 Membe aliingia tano bora ya CCM, huku kwetu watu walishaanza kujiona Ikulu. Hakupita. 2020 akaja na ACT-Wazalendo, jina likachapwa kwenye karatasi. Kabla ya kura Maalim Seif na Zitto, wakubwa wa chama chake mwenyewe, wakatangaza kumuunga mkono Lissu wa CHADEMA. Membe akasema yeye bado ni mgombea. Matokeo mnayajua: asilimia 0.55, kura elfu 81 na ushee kwa nchi nzima.

Sasa niambie, hapo nani kahamisha kura? Lissu alitangaziwa asilimia 13. Na ule uchaguzi una malalamiko yake, sitaki kuyafungua hapa tukafungiwa uzi. Ninachojua ni nilichokiona kijijini. Mjomba wangu alikuwa na picha ya Membe mlangoni. Siku wakubwa wa chama waliponyanyua mkono wa mtu mwingine, hakuibandua. Aliiacha pale pale, ila hakwenda tena kikao hata kimoja, na siku ya kura alikwenda shamba kuokota korosho. Mimi nahesabu hiyo kuwa kura iliyohamishwa, imehamia chini ya mkorosho.

Kijana wa Bima

Wazee mnakuza mambo. Mimi nina fulana za vyama vitatu, zote nimezifanyia kazi ya kupaka rangi nyumba. Msanii akija uwanjani naenda, nacheza, narudi. Walionijaza uwanjani wasihesabu kura yangu, wahesabu jasho langu.

Karani wa Ghala

Mwera, sikulikwepa, niliogopa. Umesema vizuri kuniliko. Lakini ona, umeniongezea hoja: mpiga debe anaweza kushindwa kukuletea abiria na bado akaweza kuwashusha waliokwisha kukaa.

Kijana wa Bima, wewe ndiye mpiga kura ninayemheshimu kuliko wote.

Jirani Likoni

Hamjambo ndugu zangu wa Kusini. Mimi ni Mkenya, nasoma kimya kimya nyuzi zenu siku nyingi, leo mmegusa ugonjwa wetu.

Sisi tuna mifano miwili ambayo inapingana. 2002 Raila alisimama Uhuru Park akasema "Kibaki tosha". Maneno mawili. Kabla yake upinzani ulikuwa kila mtu na lake, na Moi tulikuwa tumemshindwa mara mbili kwa kugawana kura. Halafu Kibaki akapata ajali ya gari katikati ya kampeni, akapelekwa London, na wenzake wakaendelea kuzunguka nchi kumwombea kura mtu ambaye hayupo. Alishinda kwa asilimia 62. Uhuru, ambaye Moi alikuwa amemshika mkono, akapata 31. Hapo yule wenu wa stendi alipanda basi, akaliendesha na kulisukuma.

Sasa njoo 2022. Uhuru ni rais, anamuunga mkono Raila. Raila anamchukua Martha Karua awe mwenza, mwanamke, wakili, mtu wa Mlima Kenya. Ruto anamchukua Gachagua, wa Mlima vilevile. Kwa makaratasi Raila ana vitu vyote. Kura zilipohesabiwa, Kiambu kwao Uhuru ikaenda kwa Ruto. Kirinyaga kwao Karua ikaenda kwa Ruto. Jumla 50.49 kwa 48.85. Mlima haukukataa mtu wao, ulikataa kuambiwa. Watu walikuwa wamekasirika na hali ya maisha, na anayewaambia wamchague fulani ndiye huyo huyo waliyemkasirikia. Debe likapigwa na mtu mbaya.

Na Gachagua mwenyewe? Oktoba 2024 aliondolewa na Bunge. Ndoa za tiketi moja ni za kampeni, ndugu zangu.

Mama Ming'oko (Mtwara Mikindani)

Mimi huwa siandiki, nasoma huku nauza. Leo nimeweka sinia pembeni.

Karani mwanangu, umesema mwenza hana habari na mtu. Sema hana habari na wewe. 2015 nilikuwa na meza yangu pale karibu na soko kuu, bango la mgombea lilikuwa limebandikwa ukutani, Magufuli na Samia wamesimama pamoja. Binti yangu alikuwa darasa la tano. Akaniuliza yule mama naye ni mgombea wa ubunge? Nikamwambia hapana, huyo akishinda mwenzake anakuwa makamu wa rais. Akarudia, "makamu wa RAIS?" Alisoma lile bango kila akija kuniletea chakula, na kila mara analisoma kwa sauti kama kitabu cha shule. Sisemi nilimpigia nani. Nasema kwamba wanawake wa pale sokoni tulilizungumza lile bango, na tulimzungumza yeye zaidi ya yule mwingine aliyekuwa pembeni yake, tena hatukuwa wa chama kimoja.

Halafu usiku wa tarehe 17 Machi 2021. Tangazo limetoka, yeye ndiye aliyelisoma. Asubuhi wanaume kijiweni wanaulizana, sasa itakuwaje, uchaguzi mwingine lini? Watu wazima, wamepiga kura mara tano, hawajui kwamba jibu walikuwa wamelipigia wenyewe kwenye karatasi. Tarehe 19 akaapa. Mkipiga kura muwe mnaangalia picha zote mbili.

Msomi wa Ndanda

Shikamoo Mama. Hilo la mwisho ningeliandika mimi ningetumia kurasa tatu.

Kuna kipande kimoja hakijagusiwa, nacho ni hesabu ya ushindi. Kwetu rais anashinda kwa kupata kura nyingi kuliko wenzake, basi, hata asipofika nusu. Kenya ni lazima avuke nusu, na Malawi walifikia huko 2020. Kanuni hii ndiyo inayomfanya mwenza awe mapambo au awe nusu ya mtaji.

Tazameni Malawi, si mbali, ni ng'ambo tu ya Ziwa Nyasa. 2019 Mutharika alitangazwa mshindi kwa asilimia 38.57. Chakwera alikuwa na 35.41, Chilima wa tatu na 20.24. Mahakama ikafuta matokeo, ikaamuru kura irudiwe na mshindi avuke nusu. Chakwera na Chilima wakaungana, wa tatu akakubali kuwa mwenza wa wa pili. Kura ya marudio Juni 2020, Chakwera akapata zaidi ya asilimia 58. Chukua 35 ongeza 20, uone hesabu ilivyokwenda karibu karibu. Huyo ndiye mwenza mwenye kura zake mfukoni. Alikuwa amekwisha kuzipima mwenyewe sandukuni, hakuna aliyemkisia. (Chilima alifariki kwenye ajali ya ndege Juni 2024, Mungu amrehemu. Na Malawi hao hao, Aprili 2012 Rais Bingu alipofariki, makamu aliyekuwa amekosana naye, Joyce Banda, ndiye aliyekuwa rais. Rudini kwenye neno la Mama.)

Marekani wanapenda kuamini kwamba mwenza analeta jimbo lake. Mfano wanaoutaja miaka yote ni Kennedy na Johnson wa Texas, 1960, na ni kweli Texas ilipatikana kwa tofauti ndogo. Lakini Paul Ryan hakuleta Wisconsin 2012. Na Al Gore, ambaye 2000 hakuwa mwenza bali mgombea mwenyewe, alishindwa kwao Tennessee. Mtu akishindwa kwao akiwa juu ya tiketi, unamtegemeaje aliye chini yake? Wasanii nao ni hivyo hivyo. Septemba 2024 Taylor Swift alipomuunga mkono Kamala Harris, watu zaidi ya 400,000 walifungua kiungo alichokiweka cha habari za kujiandikisha, ndani ya siku moja. Harris akashindwa Novemba. Kijana wa Bima ana wenzake kule.

Mwera wa Nyangao

Msomi, hiyo ya Malawi ndiyo UKAWA, ule umoja wa vyama vya upinzani, walitaka kuifanya 2015, au siyo? Juma Duni Haji akavuliwa jezi ya CUF akavishwa ya CHADEMA ili awe mwenza wa Lowassa. Huku kwetu CUF ndiyo ilikuwa na watu.

Msomi wa Ndanda

Walijaribu, na Lowassa alipata karibu asilimia 40, ambayo mpinzani hakuwahi kuifikia katika urais wa Muungano. Lakini hesabu ile ina mashimo. Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF, Slaa, katibu mkuu wa CHADEMA, akajitoa. Upande mwingine wakaja Sumaye, waziri mkuu wa zamani, na Mzee Kingunge, mtu wenu wa Kilwa, akiwa na umri wake ule akaacha chama alichokijenga na kupanda jukwaa la Lowassa. Huwezi kujua kwa uhakika nani alileta na nani aliondoka na wangapi. Na mshindi hakuhitaji nusu.

Ila huku kwetu ukitazama ubunge wa mwaka ule: CUF walichukua Mtwara Mjini, Tandahimba, Liwale, Mchinga na Kilwa zote mbili, CHADEMA wakachukua Ndanda. Miaka miwili na nusu tu baada ya vurugu za gesi, watu wa Mtwara walipopinga gesi yao kupelekwa Dar kwa bomba. Mimi nadhani hakuna jina lililopanda jukwaani likafanya kazi kubwa kuliko bomba lile la kwenda Dar.

Kijana wa Bima

Bomba ndiye mpiga debe bora wa 2015. Nimemaliza.

Karani wa Ghala

Nimerudi. Lori lilileta magunia pungufu, sitaki hata kulizungumzia.

Mama Ming'oko, nimekubali na ninafuta. Niliandika "hana habari naye" kama vile kijiwe changu ndicho Mtwara nzima. Kwa hiyo narekebisha: mwenza haleti kanda, ila anaweza kumwambia mtu fulani kwamba na wewe umo. Na hilo halionekani kwa sisi tuliokuwamo siku zote.

Bado nasimamia jingine. Wenzetu wa kampeni wakija huku hawajui wamekuja mwezi gani. Oktoba kwetu si mwezi wa siasa, ni mwezi wa mnada wa korosho. Mwaka mmoja, sitaji chama wala mtu, mgombea mwenza alifika kijiji kimoja jirani. Gari za kuhesabu kumi na kitu, vumbi, spika. Siku mbili nyuma mnada ulikuwa umefanyika na wakulima wamegoma kuuza, bei hawakuitaka. Uwanja mzima una jambo moja kooni. Akapanda, akazungumzia Muungano nusu saa, vizuri tu, Kiswahili kitamu mpaka unataka kukitafuna. Akaunyanyua mkono wa mbunge wake, muziki ukapigwa. Bibi mmoja aliyekuwa mbele yangu akamgeukia mwenzake, "Korosho hajaitaja?" Mwenzake akamjibu labda ataitaja akimaliza. Akamaliza. Wakafunga kanga zao vizuri wakaondoka, bado muziki unapiga.

Pale angeweza kuja mtu yeyote kumpigia debe, hai au aliyefukuliwa kaburini, asingehamisha kura ya yule bibi. Na angekuja karani wa hovyo kama mimi akasema "mnada ujao stakabadhi za korosho mlizoleta ghalani zitalipwa ndani ya wiki," tena akaaminika, angezihamisha zote mbili, yake na ya mwenzake. Kuaminika ndiyo kazi, maana huku tumeshaahidiwa sana. Watu hawajasahau 2018, minada ilipokwama na serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakaja ghalani. Msimu wa nyuma yake bei ilikuwa imevuka 4,000. Ukitaka kumnadi mtu Tandahimba lazima uzijue namba hizo mbili kabla hujalijua jina la mwenyekiti wa tawi.

Jirani Likoni

Karani, na yule mzee wa shazia umemuuliza lolote? Mimi ndiye niliyemfuata uzi mzima.

Karani wa Ghala

Nimemuuliza leo asubuhi. Nikamwambia, mzee, nitajie wagombea wenza uwakumbukao tangu vyama vingi vianze, wa chama chochote. Akasimamisha shazia.

Wa kwanza akamtaja Samia, hakufikiri. Akakaa kimya muda. Akasema, "Na Shein, alikuwa daktari." Akakaa tena. Nikaona anataka kukata tamaa, nikataka kumsaidia, akaninyanyulia mkono.

"Na yule aliyekufa mwezi wa Ramadhani," akasema. "Tukarudi nyumbani na shahada zetu. Jina lake limenitoka."

Mama Ming'oko

Mwambie ni Jumbe. Na ukipita sokoni mchukulie ming'oko ya mia tano, nitakufungia.